Mama Cherehani na Ufa wa Shamba la Juu

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko juu ya kabati, ishushe. Kama iko mfukoni, itoe. Kama umeshika kikombe cha chai, endelea kunywa, sikukatazi. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyechuma majani ya chai kwa miaka thelathini na minane. Miaka thelathini na minane, shamba moja, mlima mmoja. Alifariki mwezi uliopita. Nimesoma habari nyingi za vifo mbele ya kipaza sauti hiki, lakini hii imenitia hofu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Shambani kote walimwita Mama Cherehani, kwa sababu ya vidole vyake. Ukisimama nyuma yake ulisikia tik, tik, tik, bila kupumzika, kama fundi anayewahi kumaliza nguo ya harusi. Majani mawili na chipukizi, kikapuni. Majani mawili na chipukizi, kikapuni. Mdomo nao haukulala. Angekusimulia ugomvi wa majirani tangu mwanzo hadi mwisho, na mstari wake wa michai ukawa umekwisha wakati wewe bado uko katikati ya wako, umeduwaa unasubiri kujua nani alimpiga nani.

Alifika pale akiwa msichana, nyuma ya mama yake, naye mchumaji. Pale pale aliolewa, pale pale alimzika mumewe, pale pale akamlea binti mmoja. Binti huyo ndiye aliyenisimulia mengi ya leo, akiwa ameketi kwenye kiti cha darasa la watoto wadogo, magoti yamepanda mpaka kifuani. Kwa nini alikuwa darasani, tutafika huko.

Kwanza uione nyumba. Waliishi mahali panapoitwa Mstari wa Chini. Ni nyumba moja ndefu ya bati, vyumba kumi na viwili, milango yote inatazama upande mmoja. Nyuma ya nyumba, mlima. Juu ya mlima, chai, na sehemu hiyo wanaiita Shamba la Juu. Nasema tena kwa sababu ni muhimu: vyumba kumi na viwili, mlima nyuma yake, chai juu ya mlima.

Mama Cherehani alikaa chumba cha tatu. Binti na mumewe na watoto wao wawili, chumba cha nne. Huyo mkwe ni mchochea moto wa boila kiwandani, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana hulala. Kati ya mama mkwe na mkwewe kulikuwa na ukuta mmoja mwembamba na heshima isiyo na kipimo. Mama akitaka kumwambia neno, alimwambia binti, binti akamwambia mumewe, hata kama wote watatu wameketi benchi moja. Mkwe naye akijibu, jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Majirani walikuwa wakiwacheka sana.

Nilimuuliza binti hali ya hewa ilianza kubadilika lini. Akaniambia mwaka haujui, anachojua ni sweta. Mama yake alikuwa na sweta la kijivu la kuchumia. Binti alipokuwa mdogo, mama alilivua saa nne asubuhi, ukungu unapoondoka bondeni. Baadaye akawa analivua saa tatu. Kisha saa mbili. Kisha likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, mwaka mzima, mpaka panya wakalitoboa kwapani. Ukungu wenyewe ukawa unakuja siku moja, unakosekana kumi.

Na chai, wasikilizaji wapendwa, haipendi jua kali lisilo na ukungu. Mwaka juzi mvua zilichelewa. Mwaka jana zilichelewa zaidi. Chipukizi zikagoma kutoka, majani yakawa magumu, yakibanwa yanalia kama karatasi. Kiwanda kilichofanya kazi siku sita kwa wiki kikawa kinafanya siku mbili. Vibarua wakaambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Wengine hawajaitwa mpaka hivi ninavyoongea. Wale waliobaki walipanda mlimani kila asubuhi na kurudi na vikapu ambavyo hata mtoto angevibeba.

Ni katika ukame huo ndipo ardhi ya Shamba la Juu ilipopasuka. Ufa mwembamba, wa kuingia kidole, ulikatiza shamba kwa upana, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyeogopa. Udongo ukikauka hupasuka, kila mkulima anajua.

Mama Cherehani ndiye aliyetoa wazo. Mchumaji wa miaka mingi akiona udongo umepasuka anafikiria jambo moja tu, unyevu unaotoroka. Akawaambia wenzake wachukue matawi yaliyopogolewa, wayashindilie kwenye ufa, kisha watandaze mengine juu, unene wa goti. Wanawake kumi na wawili walifanya kazi hiyo siku tatu. Walipomaliza, ufa haukuonekana tena. Na kweli, michai ya Shamba la Juu ilibaki na rangi ya kijani wakati mashamba mengine yanageuka kahawia. Meneja alikuja akaona, akampa mkono mbele ya watu wote. Jioni hiyo mama alitembea, binti anasema, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Miezi minne baadaye, asubuhi moja, alikuwa anachuma kwenye mstari wa juu kabisa. Mguu wake wa kulia ukazama. Ulipita kwenye matandazo, ukashuka mpaka gotini, ukaendelea mpaka pajani. Akajishika kwenye mchai. Alipojitoa alipiga magoti, akaondoa matawi, akaingiza mkono. Mkono ukaenda mpaka begani. Haukugusa chini. Na kutoka humo ndani, kwenye siku ya joto kama ile, ulitoka upepo wa baridi, ukamgusa vidole.

Alirudisha matawi haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye watu asiowajua. Siku hiyo hakusimulia hadithi yoyote. Wenzake walimuuliza kama anaumwa, akasema anaumwa.

Tangu hapo hofu ilimwingia na kufanya makazi. Kila asubuhi alitangulia peke yake, akaondoa matawi pale pale, akapima upana wa ufa kwa shubiri. Wiki ya kwanza, shubiri moja. Wiki ya pili, shubiri moja na vidole vitatu. Ya tatu, mbili kasoro kidogo. Alikwenda kwa meneja. Tuwe wa haki kwa meneja huyu, si mtu mbaya, na yeye alikuwa anaogopa vyake. Mavuno yalikuwa haba, na Shamba la Juu ndilo lililokuwa na majani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia ni ufa wa ukame, mvua ikinyesha udongo utavimba na ufa utajifunga wenyewe. Wataalamu wataitwa mavuno yakiisha. Akamwomba asiwatie watu hofu.

Mama Cherehani alitaka sana kumwamini. Binti anasema aliombea mvua kama mgonjwa anavyoombea asubuhi.

Mvua ikaja. Haikuja kama zamani, ile ya kunong'ona wiki nzima. Ilikuja yote kwa mpigo, ya mwezi mzima ndani ya siku tano. Siku ya sita akapanda kwenda kuutazama ufa wake, akitumaini kuukuta umefumba. Haukufumba. Maji yalikuwa yanateremka kutoka kila upande, yanaingia humo, yanapotea. Hakuna dimbwi. Hakuna mahali yanapotokea. Alisimama pale akijiuliza maji yote yale yanakwenda wapi, kisha akageuka akatazama chini, kwenye bati la Mstari wa Chini. Akashuka.

Wiki hiyo hiyo, chemchemi ya nyuma ya nyumba, iliyokauka tangu mwaka jana, ikaanza kutoa maji tena. Watoto walifurahi. Maji yalikuwa na rangi ya udongo.

Na milango ikaanza kukwama. Mlango wa chumba cha nne ulikataa kufungwa. Mkwe akachukua randa, akaupunguza. Baada ya siku chache ukakataa tena. Akasema kwa utani kwamba kila mtu hapa amekonda isipokuwa huu mlango. Jirani wa chumba cha saba akasema na wake. Wa chumba cha tisa akasema na wake. Watu wakalaumu unyevu. Mama Cherehani hakuangalia mlango, aliangalia ukuta, na akaona kwamba mlango haukuvimba. Ukuta ndio uliokuwa umeinama.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, aliacha kumeza hofu yake. Akaanza kuitoa nje kila mahali. Alisema kwenye foleni ya maji, alisema kwenye mizani ya kupimia majani, alisema kanisani na msikitini, kote walikomwazima sikio. Alisema, nyumba hii itafunikwa. Alisema, ufa ule niliufunika mwenyewe na sasa nyinyi hamuuoni. Akawapandisha wanawake wawili wakautazame. Waliurudia ule usemi wa meneja, kwamba utajifunga. Nadhani nao walihitaji kuamini. Wangehamia wapi? Chumba ni cha shamba. Ukiacha chumba umeacha kazi.

Alasiri moja ya mvua alipiga sufuria mlango hadi mlango, akawatoa watu wote nje. Walisimama kwenye banda la mizani, ng'ambo ya bonde, saa tatu nzima, wamelowa, watoto wanalia. Hakikuanguka hata kijiwe. Walirudi vyumbani kwao. Kesho yake ndipo kicheko kilipoanza. Wakimwona anapita, mtu anagonga kikombe kwa kijiko. Walisema ni presha. Na presha alikuwa nayo kweli, zahanati walishampa vidonge. Nesi alimwambia apumzike, asiwaze. Alimjibu nesi, "Mwanangu, niambie namna ya kutokuwaza, nitafanya."

Alianza kubeba godoro lake kila jioni kwenda kulala kwenye banda la mizani. Alimsihi binti aje naye. Binti alikataa, na ananiambia bila kujificha kwamba aliona aibu. Aliona mama yake anawachekesha watu. Walizozana mbele ya majirani, mara ya kwanza katika maisha yao, na mama akaondoka na godoro lake kichwani.

Sasa tuifikie siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, mchana, saa nane kasorobo. Mvua ilikuwa imeacha tangu asubuhi na jua lilikuwa linawaka. Wachumaji wote walikuwa shamba la ng'ambo. Watoto wakubwa walikuwa shuleni. Ndani ya vyumba kumi na viwili kulikuwa na watu kumi na tisa. Nakuomba uishike hesabu hiyo, watu kumi na tisa. Wanaume wa zamu ya usiku waliolala, wazee wawili wasiotembea vizuri, na watoto wadogo pamoja na dada zao wanaowalea.

Mama Cherehani aliomba ruhusa mizani, akapanda Shamba la Juu peke yake kupima. Alipofika hakuhitaji kuondoa matawi. Matandazo yalikuwa yamemezwa. Upande wa chini wa ufa ulikuwa umeshuka kimo cha mtoto, na mizizi ya michai ilikuwa inakatika mmoja mmoja. Aliisikia. Baadaye, kwenye banda la mizani, aliwaambia waliookolewa kwamba sauti ile ilifanana na wachumaji wengi sana, tik, tik, tik, na hakuna mtu.

Akakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwenye presha, kwenye mteremko wenye matope. Alianguka, akaamka, akaanguka. Alipofika chini alipiga mlango wa kwanza. Sauti ya mwanamume ikamwambia kutoka ndani, mama, leo hakuna hata mvua, tuache tulale. Akapiga wa pili. Wakanyamaza wakimsubiri aondoke. Chumba cha tatu kilikuwa chake. Akasimama mbele ya chumba cha nne.

Mkwe wake ndiye aliyenisimulia kipande hiki, na alinisimulia akiangalia sakafu. Alikuwa amelala kitandani na bukta tu, kwa joto lile. Mlango ukasukumwa. Mama mkwe wake, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kukanyaga chumba hicho yeye akiwa amelala, ambaye hakuwahi hata kumtaja jina, aliingia moja kwa moja, akamkamata kifundo cha mguu, akamvuta mpaka sakafuni.

"Hakusema mlima," mkwe aliniambia. "Aliniambia tu, 'Baba, nisaidie, naogopa.' Nilimwangalia usoni nikajua. Mama yule asingeingia kwangu kwa jambo la kubahatisha."

Kilichofuata ni kazi ya mtu mwenye mabega ya kuchochea boila. Hakubisha hodi popote. Milango iliyokwama aliipiga mateke. Alitoka na mzee mmoja mgongoni na mtoto kwapani, akarudi. Waliomtukana mama mkwe hawakuthubutu kumtukana yeye. Mama Cherehani alikwenda nyuma yake chumba baada ya chumba, anatazama chini ya vitanda, anatazama nyuma ya mapazia, huku analia kwa sauti, bila kuona haya. Wakavuka bonde. Kwenye banda la mizani akawahesabu kwa kuwagusa kichwani kila mmoja. Kumi na tisa. Akawahesabu tena. Kumi na tisa.

Ndipo Shamba la Juu liliposhuka. Wote walioona wananiambia jambo moja, kwamba michai ilishuka ikiwa imesimama, mistari yake imenyooka, kama watu walio kwenye foleni. Haikulala mpaka ilipofika kwenye mapaa. Kisha vyumba kumi na viwili havikuwepo.

Binti alikimbia kutoka shamba la ng'ambo akijua mama yake amekwisha. Akamkuta ameketi juu ya ubao wa mizani, miguu ina matope, mzima. Akamkumbatia. Mama alikuwa anahema kwa shida, ameshika kifua. Akamwambia, "Mwanangu, ule ufa niliufunika mimi." Binti alikuwa anatafuta watoto wake kwa macho. Alipogeuka kumjibu, mama alikuwa ameegemea nguzo, na midomo yake imebadilika rangi. Walimpakia kwenye trekta la kubebea majani. Hakufika zahanati.

"Watu wanasema mlima umemuua mama," binti aliniambia. "Mlima haukumgusa hata kidole. Mama alikufa kwa kule kusubiri. Alisubiri wiki tisa, peke yake, na mimi nilikuwa namwonea aibu. Nililopaswa kumjibu siku ile naliongea kila siku nikiosha vyombo. Namwambia, wewe ndiye uliyetutoa."

Familia kumi na moja zilizobaki sasa zinalala kwenye madarasa ya shule. Mchana wanakunja magodoro, watoto wanasoma. Mazishi yalifanyika ng'ambo ya bonde, mahali tambarare. Meneja alikuja. Alisimama nyuma kabisa.

Kwa niaba ya kituo hiki, na kwa niaba yako unayesikiliza, natoa pole kwa binti, kwa mkwe, kwa wajukuu wawili, na kwa wachumaji wote waliofanya naye kazi. Mungu awape nguvu. Na kwako wewe mwenye kikombe mkononi, nina ombi. Jua limebadilika, mvua imebadilika, na wanaojua hivyo kabla yetu ni watu walioinama shambani tangu alfajiri. Mmoja wao akikwambia anaogopa, usimpe kidonge ukamwambia apumzike. Muulize ameona nini. Halafu panda naye ukatazame.

Mwisho, nilizungumza na binti jana kwa simu. Kazi imerudi, kwa sababu njaa nayo haisubiri. Wanachuma upande wa pili wa mlima ule ule. Wanawake wale wamejiwekea utaratibu ambao hakuna aliyewaagiza. Kabla ya kuchuma jani la kwanza wanatembea shamba zima, bega kwa bega, wanafunua matandazo na kupapasa udongo kwa mikono. Jumanne walikuta mahali ambapo kidole kiliingia. Wakatazamana. Wakashuka wote, vikapu vitupu, wakaketi mbele ya ofisi ya meneja mpaka jioni. Mlima haukuanguka Jumanne. Haukuanguka Jumatano. Hakuna hata mtu mmoja aliyecheka.